Mdhamini wa Umma: Anayeshika Mali ya Marehemu Familia Isipojitokeza

Mkazi wa Kwale akifiwa na mume, mke au mzazi aliyeacha akaunti ya benki, kipande cha shamba au mshahara ambao haujalipwa, mara nyingi mlango wa kwanza anaobisha ni ofisi ya wadi. Hapo huambiwa kwamba kaunti haina mamlaka ya kugawa mirathi, na wengi huondoka wakidhani wamefukuzwa. Hawajafukuzwa. Mirathi haimo katika kazi ambazo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti. Kaunti inahusika pembeni tu: leseni ya biashara iliyokuwa na jina la marehemu, ada ya ploti, kibanda cha sokoni, au malipo ya mfanyakazi wake mwenyewe aliyefariki akiwa kazini. Mambo hayo nayo hayawezi kubadilishwa jina au kulipwa mpaka ajulikane ni nani anayesimamia mali kisheria.

Somo la toleo hili linahusu ofisi ambayo wengi hawaijui hadi siku ya shida: ofisi ya Mdhamini wa Umma. Linaeleza imepangwa vipi, nani hufanya kazi gani ndani yake, na kwa nini faili moja hukamilika huku jingine likikaa miaka.

Jina lenyewe limewachanganya watu. Kwenye chama au benki, mdhamini ni yule anayetia sahihi ili mwenzake akishindwa kulipa mkopo, yeye alipe. Mdhamini wa Umma hamdhamini mtu deni. Ni ofisi ya serikali ya kitaifa, chini ya Mwanasheria Mkuu, yenye sheria yake: Sheria ya Mdhamini wa Umma, Sura ya 168. Kazi yake ni kushika mali kwa niaba ya wale ambao mali ni yao lakini hawawezi, hawajajitokeza, au hawakubaliani ni nani aishike. Anayeketi kwenye kiti hicho akistaafu au akihamishwa, ofisi haivunjiki wala faili halifi. Mwenye kiti anayefuata anaendelea pale pale. Hii ni faida moja kubwa kuliko kumteua ami mwenye umri wa miaka 70 kumshikia mtoto wa miaka mitano mali yake.

Ofisi hii haichukui mirathi ya kila anayefariki. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, imeweka foleni. Marehemu asipoacha wasia, mahakama ikitafuta wa kumkabidhi usimamizi humtazama kwanza mjane au mgane, kisha warithi wengine, kisha Mdhamini wa Umma, na mwisho wadai. Kwa hivyo familia yenye mtu mwaminifu ambaye wote wanamkubali haina haja ya kupitia huko. Inaweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Mdhamini wa Umma ni wa pale ambapo mjane na mashemeji hawaangaliani usoni, warithi wote ni watoto wadogo, jamaa wako mbali, au hakuna aliyejishughulisha. Pia marehemu anaweza kuwa amemtaja kwenye wasia kuwa ndiye atakayeusimamia.

Ngazi zilivyo

Makao makuu yako Nairobi. Huko ndiko kuna Mdhamini wa Umma mwenyewe na manaibu wake, ambao ni mawakili wa serikali. Nje ya Nairobi kuna ofisi katika miji mikubwa kama Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Nyeri. Kwa mkazi wa Kwale, ofisi ya karibu ni ya Mombasa.

Lakini ngazi ya chini kabisa haiko Mombasa. Iko kijijini. Sheria ya Urithi imempa chifu na naibu wa chifu kazi ambayo si hisani. Afisa wa polisi au wa utawala akipata habari za kifo, anatakiwa kuzifikisha kwa chifu au naibu wake wa eneo alilokuwa akiishi marehemu. Mwenye maslahi halali akiomba, au mwezi mmoja ukipita bila mtu yeyote kuomba usimamizi, afisa huyo anatakiwa kwenda nyumbani kwa marehemu, kuchukua hatua za kulinda mali, kuandika mali iliyopo, na kuwatambua warithi pamoja na walezi wa watoto. Wajane wengi hawajui kwamba wana haki ya kumwambia chifu, "Njoo uandike vilivyomo, kabla havijatoka."

Barua ya chifu ndiyo kama mzizi wa faili lote. Ndani yake hutajwa wake, watoto na wategemezi wengine. Karatasi hiyo ikikosea, ofisi zote za juu hukosea nayo.

Chukua mfano. Mwanamume wa Kinango aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli moja Diani amefariki bila wasia. Hakuwa Mwislamu. Ameacha mjane, watoto wawili walio shuleni, binti mkubwa aliyeolewa Samburu, ploti Ukunda, akiba benki, pikipiki, na malipo yake ya mwisho kwa mwajiri. Siku ya tatu baada ya maziko, kaka yake amechukua pikipiki "ili isiharibike" na kuanza kuibebea abiria.

Hapo tayari pana kosa. Kwa sheria, hakuna mtu anayeruhusiwa kuchukua, kuuza au kutumia mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na juu ya hayo aliyechukua hudaiwa na warithi alichokichukua. Sheria haijali kama ni kaka, mama mkwe au mjane mwenyewe. Faini hiyo inaonekana ndogo siku hizi, lakini kesi yenyewe huzuia faili lisonge, na hasara hiyo huwaangukia watoto.

Mjane akiamua kupeleka jambo kwa Mdhamini wa Umma, atakutana na watu wa aina tatu.

Wa kwanza ni karani wa sajili. Ndiye anayepokea cheti cha kifo, barua ya chifu na nakala za vitambulisho, kisha anafungua faili na kulipa nambari. Nambari hiyo ni muhimu kuliko jina la marehemu. Anayepiga simu au kurudi bila nambari ya faili anamlazimisha karani kutafuta kwa majina, na majina ya Pwani yanafanana. Wakazi wengi humchukulia karani kama mlinzi wa geti, lakini yeye ndiye anayejua faili liko meza gani leo.

Wa pili ni wakili wa serikali. Huyu ndiye mwenye uamuzi wa kisheria juu ya faili. Anaangalia kama kuna wasia, ni sheria ipi inayotumika, kama warithi wote wametajwa, na mali ipi hasa ni ya marehemu. Anaandika barua kwa benki kuuliza salio, kwa mwajiri kuuliza malipo, na kwa msajili wa ardhi kuthibitisha mwenye hati. Huita familia ikiwa kuna mvutano na kuisikiliza. Ndiye pia anayesimama mahakamani, na siku anapokuwa mahakamani meza yake haina mtu. Mawakili ni wachache kuliko mafaili, kwa hivyo faili lililokosa karatasi moja halisubiri siku mbili. Linarudi nyuma ya mengine yaliyokamilika.

Wa tatu ni mhasibu, na kazi yake ndiyo wakazi huilalamikia zaidi bila kuielewa. Fedha za marehemu hukusanywa kutoka benki na kwa mwajiri, huingizwa kwa jina la mirathi hiyo, kisha hulipwa kwa mpangilio: gharama za mazishi na madeni halali mbele, warithi nyuma. Mhasibu hawezi kumpa mjane shilingi elfu tano za nauli kwa sababu anamwonea huruma. Kila senti inayotoka lazima iwe na hati ya kuielezea, kwani hesabu za ofisi za umma hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa kazi hiyo ofisi hutoza ada iliyowekwa kisheria, inayokatwa kwenye mirathi. Mjane ana haki ya kuuliza ni kiasi gani na kuonyeshwa hesabu.

Mpangilio huu wa kutenganisha watu watatu una sababu yake. Anayepokea karatasi si yule anayeamua, na anayeamua si yule anayelipa. Unachosha, hilo ni kweli. Lakini mtu mmoja akiyafanya yote matatu, mali ya yatima huwa mikononi mwake bila wa kumwona.

Tangazo, mahakama na miezi sita

Mirathi midogo, kwa kiwango kilichowekwa kisheria, Mdhamini wa Umma anaweza kuisimamia kwa njia fupi. Ikizidi hapo lazima aombe mamlaka mahakamani kama mtu mwingine yeyote. Kabla ya hapo hutangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa. Tangazo huonyesha nambari ya faili, jina la marehemu, anwani yake, tarehe ya kifo, na kama aliacha wasia au la. Huwataka wenye madai au pingamizi wajitokeze ndani ya muda uliotajwa.

Tangazo hilo lina pande mbili. Linampa nafasi mdai wa kweli, kwa mfano fundi aliyeezeka nyumba na hajalipwa. Pia linampa nafasi mtoto aliyefichwa. Kwa bahati mbaya ni wakazi wachache wanaolisoma Gazeti Rasmi, na hapo ndipo ofisi ya chifu na baraza la kijiji huwa na maana.

Mahakama ipi? Hakimu mkuu anaweza kusikiliza mirathi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 20. Mahakimu wa vyeo vya chini wana viwango vya chini zaidi, na mirathi inayozidi milioni 20 huenda Mahakama Kuu. Mahakama ikishatoa hati ya usimamizi, kazi haijaisha. Hati hiyo inampa msimamizi mamlaka ya kukusanya na kulinda, si ya kugawa shamba. Ugawaji husubiri hati ithibitishwe, na kwa kawaida ombi la kuithibitisha hupelekwa baada ya miezi sita. Watu wengi wamenunua ploti katika kipindi hiki cha katikati kutoka kwa msimamizi mwenye haraka, wakajikuta hawana ploti wala pesa. Anayetaka kununua ardhi ya marehemu Ukunda, Msambweni au kwingineko aombe kuona hati iliyothibitishwa, yenye orodha ya nani amepewa nini.

Kwa mfano wetu, mjane huyo atapata vyombo na vitu vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki ataitumia katika maisha yake bila kuwa na ruhusa ya kuiuza apendavyo, kwa sababu nyuma yake kuna watoto. Ni watoto wote, akiwemo binti aliyeolewa Samburu. Hapa ndipo barua nyingi za chifu huharibika. Wazee hukaa, wakasema binti "ameshakwenda kwao", jina lake likaachwa. Sheria ya Urithi haitofautishi mwana na binti, wala aliyeolewa na asiyeolewa. Hati iliyopatikana kwa kuficha mrithi inaweza kufutwa na mahakama hata miaka baadaye, wakati nyumba zimeshajengwa juu ya shamba.

Kwale ina historia yake katika jambo hili. Miongoni mwa Wadigo, mali ilikuwa ikifuata upande wa mama, mpwa akamrithi mjomba, na mvutano wa desturi hiyo na sheria ya Kiislamu umeendelea kwa vizazi. Bado wapo wazee wanaohesabu warithi kwa njia hiyo. Faili likifika mezani kwa wakili likiwa na hesabu ya desturi wakati watoto wa marehemu wapo, litarudishwa.

Familia za Kiislamu

Kwa marehemu Mwislamu, sheria yenyewe imesema mali yake itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Mjane aliyeachwa na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja kwa nane, na mtoto wa kiume hupata fungu la mabinti wawili. Mahakama ya Kadhi inatambuliwa na Ibara ya 170 ya Katiba, na husikiliza urithi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa hapo. Mdhamini wa Umma naye anaweza kusimamia mali ya Mwislamu, kwa mfano kumshikia mtoto yatima fungu lake. Ila mafungu yanabaki yale yale ya dini. Familia isidhani kwamba kwenda Mombasa ni njia ya kulikimbia fungu la mtu.

Watoto walio chini ya miaka 18

Hii ndiyo sehemu nzito ya kazi ya ofisi, na pengine yenye thamani zaidi kwa wananchi. Mtoto hawezi kupewa hati ya usimamizi. Pale mali inapotakiwa kushikiliwa kwa niaba ya mtoto, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili, isipokuwa msimamizi akiwa taasisi inayotambuliwa kwa kazi hiyo. Mdhamini wa Umma hushika fungu la mtoto mpaka afikishe umri wa mtu mzima. Katikati hapo mlezi anaweza kuomba fedha za karo, matibabu au matunzo, akileta barua ya shule au ya hospitali. Shule hazisubiri, kwa hivyo barua ya karo ipelekwe wiki kadhaa kabla ya muhula kufunguliwa.

Mtoto akifikisha miaka 18 na kupata kitambulisho, aende mwenyewe. Kila mwaka kuna vijana ambao hawajui kwamba walikuwa na fedha, kwa sababu mlezi aliyekuwa na nambari ya faili amefariki au amehama. Familia iiandike nambari hiyo nyuma ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Kisichopitia ofisi hii

Si kila shilingi ya marehemu ni ya mirathi. Pensheni ya skimu iliyosajiliwa hulipwa na wadhamini wa skimu hiyo kwa kanuni zake, wakizingatia waliotajwa na mwanachama. Hisa na akiba za sako huenda kwa aliyeandikwa kwenye fomu ya mteule. Ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja na mume na mke, kwa namna ambayo aliyebaki huchukua yote, humwendea aliyebaki. Wafanyakazi wengi wa hoteli na wa serikali walijaza fomu za mteule siku ya kuajiriwa, wakiwa hawajaoa, wakaandika jina la mama. Kuibadilisha fomu hiyo ni kazi ya dakika kumi katika ofisi ya wafanyakazi.

Akaunti ya benki iliyolala bila kuguswa kwa miaka mitano inaweza kuhamishiwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, kwa sheria ya 2011. Fedha hizo hazijapotea, ila mrithi atazidai huko, na atatakiwa kuonyesha mamlaka ya usimamizi.

Kabla ya kuvuka Likoni

Safari moja ya bure kutoka Kinango au Lunga Lunga ni nauli ya siku nzima na kibarua kilichopotea. Anayekwenda abebe cheti cha kifo, si kibali cha maziko. Aende na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, vitambulisho vya watu wazima, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa au hati ya kiapo inayoithibitisha, na ushahidi wa mali: hati miliki, kijitabu au kadi ya benki, barua ya mwajiri, kitabu cha gari au pikipiki. Marehemu akiwa na wake wawili, kila nyumba iandikwe na watoto wake. Mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi.

Majina yakaguliwe kabla ya safari. Hati ya shamba ya miaka ya sabini imeandika "bin", kitambulisho hakina, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimeongeza herufi. Kwa jirani ni mtu yule yule, ila kwa benki ni watu watatu. Hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja huandaliwa mapema.

Mabroka wanaosubiri nje ya mahakama na ofisi za ardhi, wakiahidi "kusukuma faili" kwa ada yao, hawana meza ndani. Malipo halali yana risiti ya serikali. Mkazi anayeona faili lake limekaa bila maelezo anaweza kuandika barua yenye nambari ya faili na kuomba sababu kwa maandishi, haki aliyopewa na Ibara ya 47 ya Katiba. Akikosa jibu, anaweza kupeleka malalamiko kwa Ombudsman.

Waliofiwa nyumbani, bila marehemu kufika hospitali, waanze na naibu wa chifu, ambaye hujaza fomu ya D2. Kwa aliyefia hospitalini hutumika fomu ya D1. Kifo ambacho hakijasajiliwa baada ya miezi sita huhitaji kibali cha usajili wa kuchelewa pamoja na ada yake, na bila cheti cha kifo karani wa sajili hana faili la kufungua.